Siti za Ubavuni au za Kutazama Mbele? Maswali Yenu Kuhusu Treni Mpya za Reli Nyepesi

Toleo lililopita tulichapisha picha za ndani za treni mpya za reli nyepesi kutoka miji kadhaa, na barua zikamiminika. Wengi wenu mmeuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: mbona siti zimegeuzwa ubavu? Tumechagua barua nane. Tukisema reli nyepesi tunamaanisha treni ya umeme ya mjini, inayosimama kila baada ya nusu kilomita au kilomita moja, na mara nyingine inapita barabarani pamoja na magari. Tramu ni ndugu yake wa damu.

Shikamooni. Katika picha zenu nimeona benchi refu upande huu, benchi refu upande ule, watu wanatazamana kama wako zahanati wanasubiri kuitwa na daktari. Katikati patupu. Pale si ndipo siti zilipopotea? Au ndiyo wanataka tushike bomba kama kwenye daladala? — Msomaji, Temeke

Marahaba. Tuanze na tepu ya kupimia, maana hapo jicho linadanganya.

Behewa la reli nyepesi mara nyingi lina upana wa mita 2.65 kwa nje. Ukitoa unene wa kuta mbili, ndani unabaki na kama mita 2.4. Chukua kipande cha mita 4.2 kati ya mlango na mlango. Ukipanga siti mbilimbili za kutazama mbele, kila mstari ukipewa sentimita 80, unapata mistari mitano, siti 20. Ukiweka mabenchi ubavuni, kila abiria akipewa sentimita 46, wanakaa tisa huku na tisa kule: siti 18. Umepoteza mbili tu. Treni mpya zina siti chache hasa kwa sababu ya mambo mengine: milango imepanuliwa na kuongezwa, na pametengwa nafasi ya viti vya magurudumu, vigari vya watoto na baiskeli.

Faida ya benchi iko kwenye ujia. Siti nne za sentimita 44 zinakula sentimita 176, na ujia unabaki na sentimita 64. Hapo anapita mtu mmoja, tena kwa ubavu akiwa na kikapu, na mmoja akisimama kushika bomba njia imefungwa. Mabenchi yanakula nusu mita kila upande, katikati inabaki mita 1.4. Ondoa magoti na miguu ya waliokaa, unabaki na sentimita 90 hivi zilizo wazi. Wawili wanasimama mgongo kwa mgongo na wa tatu anapenya kwenda mlangoni.

Kupenya huko kuna thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu treni ya mjini hupoteza muda mwingi mlangoni. Tuseme njia ina vituo 20, na ujia mwembamba unaongeza sekunde 10 kila kituo. Hizo ni sekunde 200 kwenda na 200 kurudi, karibu dakika 7 kwa mzunguko mmoja. Kama treni hupita kila dakika 5, basi lazima iongezwe treni nyingine, pengine mbili, ili tu abiria wasisubiri zaidi ya walivyozoea. Na treni moja ya aina hii ni mamilioni ya dola.

Halafu kuna hesabu ya watu wenyewe. Treni mpya za Tyne and Wear Metro, Newcastle, Uingereza, zilizoundwa na Stadler wa Uswisi na kuanza kubeba abiria Desemba 2024, zina urefu wa mita 60 na siti 104, ilhali zikijaa huchukua watu kama 600. Kati ya abiria sita, mmoja ndiye aliyekaa. Behewa likipangwa kwa kumfikiria huyo mmoja, wale watano wamesahauliwa.

Hata hivyo mtindo huu una mipaka yake, na San Francisco waliiona. Novemba 2017 jiji hilo lilianza kutumia treni za Siemens zilizojengwa Sacramento, zinazojulikana kama LRV4. Magari ya kwanza yalikuja na mabenchi ya ubavuni matupu, bapa, bila mbonyeo wa kumtenga abiria mmoja na mwenzake. Abiria walilalamika kwamba wanateleza, kwamba benchi liko juu mno kwa watu wafupi, na kwamba hakuna siti hata moja ya kutazama mbele. Waliulizwa maoni, na mwaka 2019 ukapita uamuzi: siti zishushwe inchi 2, yaani sentimita 5, ziwekwe zenye mbonyeo wa mtu mmojammoja, na magari yatakayofuata yapate baadhi ya siti za kutazama mbele na nyuma.

Sisi tunaona mabenchi yakae karibu na milango, kwa abiria wa vituo viwili vitatu. Katikati, anapotulia abiria wa mbali, ziwekwe siti mbili upande mmoja na moja upande wa pili. Mpango huo wa mbili na moja unaacha ujia wa sentimita 108. Kwa kipande kilekile cha mita 4.2 utapata siti 15 badala ya 18, lakini mzee anayesafiri dakika 40 atakuwa na mahali pa kuegemea.

Hamjambo. Mama yangu ana miaka 71, amekuja kututembelea huku. Siku moja alikaa siti ya ubavuni, amevaa dera, treni ikafunga breki ghafla na yeye akateleza mpaka mapajani kwa mtu. Hakuumia ila tangu hapo hataki tena kupanda. Kosa ni la kiti, la dereva au la dera? — Msomaji, Marekani

Mpe mama shikamoo yetu, na umwambie hakufanya kosa lolote.

Breki ya kawaida ya treni nyepesi hupunguza mwendo kwa kama mita 1.3 kwa sekunde, kila sekunde. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni sawa na kusukumwa kwa uzito wa kilo 8, chini ya nusu ya ndoo ya lita 20. Breki ya dharura ni jambo jingine. Chini ya treni, kati ya gurudumu na gurudumu, zimening'inizwa sumaku ndefu za umeme, na dereva akibonyeza breki ya dharura zinashuka na kung'ang'ania reli. Msukumo unafika mara mbili, kilo 16 au zaidi: ndoo ile ile ikiwa imejaa karibu yote, inakusukuma bila taarifa.

Aliyekaa akitazama nyuma hupokewa na mgongo wa kiti. Anayetazama mbele hukaza miguu sakafuni na kushika kiti cha mbele yake. Wa ubavuni anakwenda pembeni, na mwili wa binadamu una uwezo mdogo sana wa kujizuia kwenda pembeni akiwa amekaa. Kinachobaki kumshikilia ni msuguano kati ya nguo na kiti. Dera la kitambaa laini juu ya plastiki iliyong'arishwa na makalio ya maelfu ya watu halina msuguano wa kutosha kwa breki ya dharura. Suruali ya jinzi ingemsaidia, lakini kiti ndicho kinachotakiwa kutengenezwa kwa ajili ya mavazi ya watu wote.

Urefu wa benchi nao unachangia. Mtu mfupi akikaa kwenye benchi la sentimita 48 nyayo hazigusi sakafu sawasawa, na asiyekanyaga sakafu hana breki yake mwenyewe. Ndiyo maana zile sentimita 5 za San Francisco hazikuwa jambo dogo. Benchi zuri lina ukingo wa mbele kwenye sentimita 43 hadi 45, mteremko mdogo kuelekea nyuma, mbonyeo wa sentimita 2 au 3 kwa kila abiria, uso usio na mng'ao, na bomba la kushika kila baada ya siti mbili au tatu.

Kuhusu dereva: kinachoangusha watu mara nyingi ni breki kuanza kwa kishindo, au treni kusimama kwa mkupuo mwishoni. Mitambo ya kisasa imewekwa ili nguvu ya breki ipande taratibu kwa muda wa sekunde moja na zaidi, na dereva mzoefu huilegeza kidogo kabla treni haijasimama kabisa. Kwenye breki ya dharura ulaini huo hautafutwi, kwa sababu mbele huenda kuna mtoto relini.

Mama akirudi kupanda, mkalishe mwisho wa benchi ule ulio upande treni inakoelekea, penye kioo au ubao unaotenga siti na mlango. Breki ikishika atasukumwa kwenye ubao. Bora zaidi, mtafutie siti ya kutazama nyuma. Wazee wengi hawaipendi, lakini kwa breki ndiyo salama kuliko zote.

Kwa nini viti vya treni mpya ni vigumu kama vya kanisani? Treni ya zamani ilikuwa na sponji nene. Nikifika kazini mgongo unauma. — Msomaji, Ulaya

Sababu ya kwanza ni moto. Sponji ya kochi la nyumbani ikiwaka hutoa moshi mweusi wenye sumu, na ndani ya handaki moshi huua kabla ya moto. Ulaya ina kiwango cha EN 45545 na Marekani ina NFPA 130, na kila kitambaa, gundi na sponji inayoingia kwenye behewa lazima ipimwe kwa moto, moshi na joto. Sponji inayofaulu ni nzito na ghali, basi watengenezaji huweka tabaka jembamba au huiacha kabisa. Sababu nyingine ni usafi na visu vya wahuni: plastiki, au reksini ile ya kwenye viti vya matatu, inapanguswa kwa dakika moja, wakati kitambaa kilicholowa kinalitoa behewa kazini kutwa nzima.

Lakini mgongo wako hauumizwi na ugumu peke yake. Kwa safari ya dakika 20, kiti kigumu chenye umbo sahihi hukishinda kiti laini kilichopinda vibaya. Jaribu hivi. Sukuma makalio mpaka nyuma kabisa, kanyaga sakafu kwa nyayo zote, kisha pitisha vidole viwili vilivyolazwa kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Visipopita, kiti ni kirefu mno kwenda mbele, na utajikuta unakaa nusu kiti huku mgongo ukielea. Vikipita lakini paja linabanwa na ukingo, kiti kiko juu mno. Miguu iko sawa na bado kiuno kinauma? Tazama egemeo. Benchi la ubavuni mara nyingi lina egemeo fupi lililosimama wima kwa sababu nyuma yake kuna dirisha, na kichwa kinaishia kwenye kioo kinachotetemeka. Hapo mto mdogo wa kiunoni, hata sweta iliyokunjwa, utakusaidia kuliko sponji yoyote ya chini.

Habari za kazi ndugu zangu. Treni za hapa kwetu zina sakafu ya chini katikati, unaingia kutoka jukwaani bila ngazi. Ila ukielekea ncha zote mbili unakuta ngazi za kupanda kwenye siti. Kwa nini hawakuisawazisha yote? — Msomaji, Addis Ababa

Nzuri. Jibu liko chini ya miguu yako. Treni inabebwa na boji, yaani fremu yenye magurudumu manne, na boji ya kuendesha ina pia mota na gia. Gurudumu lina kipenyo cha sentimita 60 hivi. Ongeza ekseli, springi na fremu, huwezi kuweka juu yake sakafu iliyo sentimita 35 tu kutoka kwenye reli. Wahandisi wa treni za Addis Ababa, zilizotoka Changchun, China, walichagua mpango wa asilimia 70, yaani sakafu ya chini kwa kama asilimia 70 ya treni: boji zenye mota zikae nchani chini ya sakafu ya juu, na katikati iwekwe boji isiyo na mota ambayo inaweza kutengenezwa kwa kubonyea.

Ziko treni za asilimia 100, sakafu ya chini mwanzo hadi mwisho, lakini zina gharama yake ndani. Magurudumu yanachomoza kwenye chumba cha abiria, yanafunikwa kwa visanduku, na siti zinapandishwa juu ya visanduku hivyo wawili wawili wakitazamana goti kwa goti. Mrefu na mrefu wakikutana hapo wote wanakaa upande. Ujia kati ya visanduku huwa mwembamba, na ndipo watu wanapoganda. Siemens waliona tatizo hilohilo hata kwenye treni zao za Marekani zenye sakafu ya chini katikati tu: katika toleo la S700, linalotumika Seattle na San Diego, kipande cha katikati kilipangwa upya na siti zake zikageuzwa ubavuni ili watu wapite.

Kwa hiyo mwenye magoti mabovu akae katikati, karibu na mlango, hata kama nchani kuna siti tupu. Kijana panda ngazi, waachie wao huko chini.

Jambo jingine lazima tuliseme kwa sababu linagusa starehe kuliko siti zote. Mfumo wa Addis ulifunguliwa Septemba 2015 ukiwa na treni 41. Baadaye sehemu kubwa ya treni hizo ilisimama karakana kwa kukosa vipuri. Treni zikipungua barabarani, kila inayobaki inajaa, na hapo mpango wa siti haukuokoi tena. Mji unaonunua treni ununue pamoja nazo magurudumu, pedi za breki, kompresa za milango na vipuri vya viyoyozi vya kutosha miaka kadhaa, pamoja na mafunzo ya mafundi. Tungepunguza siti kumi kwa kila treni kuliko kupunguza kifungu hicho cha mkataba.

Amahoro na salamu kutoka Bujumbura. Tunajiandaa kuhamia Marekani kwa shemeji. Mume wangu anatumia kiti cha magurudumu. Atapanda treni hizi mwenyewe, au lazima nimbebe? — Dada msomaji

Dada, atapanda mwenyewe. Kanuni zilizotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu zinataka mlango uwe na uwazi wa sentimita 81, na nafasi ya kiti cha magurudumu iwe sentimita 76 kwa 122. Mahali jukwaa linapolingana na sakafu ya treni mpya, pengo la mbele lisizidi sentimita 7.6 na tofauti ya kimo isizidi sentimita 1.6. Pima kiti chake kabla ya kusafiri, kuanzia nje ya pete ya kushika mpaka nje ya pete ya pili. Kikizidi sentimita 76 atabanwa.

Pengo aliingie kwa kulikabili moja kwa moja, akinyanyua kidogo magurudumu madogo ya mbele. Akilikata kwa mshazari, gurudumu moja dogo linazama. Wengine huona salama zaidi kuingia kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia. Ndani atahitaji kama mita 1.5 ili ajigeuze. Akikuta watu wamejaa, aombe nafasi kabla mlango haujafungwa. Asikae ubavu kwa mwendo wa treni. Aelekeze mgongo kwenye ubao wa kuegemea kama upo, na afunge breki zote mbili za kiti.

Penye shida ni miji yenye treni za sakafu ya juu zinazopita barabarani. San Francisco ni mfano: ndani ya handaki jukwaa linalingana na treni, lakini barabarani ngazi za treni hushuka, na mwenye kiti cha magurudumu hupandia kwenye vituo vile tu vilivyojengewa jukwaa dogo lenye mteremko. Mkifika, tafuteni kwanza ramani ya vituo vyenye jukwaa hilo, kisha ndipo mtafute nyumba.

Asalaam aleikum. Huku kwenye joto la nyuzi 42, nikisimama karibu na mlango natoka jasho, nikikaa katikati nataka koti. Kiyoyozi si kimoja? — Msomaji, Ghuba

Waaleikum salaam. Kiyoyozi huwa juu ya paa, na hewa yake hushuka kwa matundu marefu ya darini. Kipimajoto chake mara nyingi kiko kwenye hewa inayorudi juu, kwa hiyo kinajua wastani wa behewa, hakijui ulipo wewe. Abiria mmoja hutoa joto la kama wati 100. Watu 200 ni kilowati 20, kama majiko kumi ya umeme yamewashwa kwa pamoja. Mlangoni ndiko wanakosongamana, na kila kituo hewa ya nje inaingia. Kiyoyozi kinaongeza nguvu kwa ajili yao, na wewe wa katikati, chini ya tundu, ndiye unayeganda.

Dubai walilikabili hilo kwenye vituo: tramu yao, iliyozinduliwa 11 Novemba 2014 kwa magari ya Alstom ya mita 44, ina vituo vilivyofungwa vyenye kiyoyozi na milango ya jukwaani inayofunguka pamoja na ya treni. Pasipo na hayo, dawa nafuu ni kitufe cha mlango, ili ufunguke ule tu unaohitajika. Wewe simama hatua mbili kutoka mlangoni, epuka upande wa jua, na usikae chini ya tundu ukiwa na jasho.

Kwa nini wasituwekee meza na siti za kutazamana kama za Madaraka Express? — Msomaji, Mombasa

Kwa sababu Mombasa hadi Nairobi ni saa tano na zaidi, na mnapanda mara moja. Behewa la daraja la kawaida la Madaraka lina siti 118, tatu upande huu na mbili upande ule, na anayekaa dirishani akitaka kutoka wawili wanasimama. Safarini mnaombana radhi na mambo yanaisha. Kwenye treni inayosimama kila dakika mbili, huyo wa dirishani atapitilizwa kituo chake. Meza ndogo ukutani, ya kuwekea kikombe, inawezekana kwenye njia ndefu za kwenda viungani, ila vikombe vya chai na breki tulizozieleza hapo juu havipatani.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Nataka kulinganisha mipango ya siti kwa mradi wa darasa lakini sina programu wala treni. Nifanyeje? — Msomaji, Dodoma

Unahitaji chaki, tepu, viti 20 vya plastiki visivyo na mikono, saa ya simu na wenzako 45.

Chora sakafuni mstatili wa mita 2.4 kwa 5. Kwenye ncha mbili acha sentimita 40 kila upande. Hapo ni mahali pa kusimama pembeni ya mlango, na ndani yake inabaki ile mita 4.2. Kupita ncha moja, nje ya mstatili, endeleza mstari wa ukuta wa ubavuni na uweke hapo alama ya mlango wa mita 1.3. Kwa kuwa viti vya plastiki ni vipana kuliko siti ya treni, chora kwa chaki sentimita 44 za kila siti na uwakalishe watu ndani ya mistari, hata kama viti vinasongamana.

Pima mipango mitatu. Kwa hesabu ya watu wanne waliosimama kwa kila mita ya mraba ya ujia, bila kuhesabu zile sentimita 40 za nchani, yaani kila mmoja ana mraba wa nusu mita kwa nusu mita, utapata hivi: mbilimbili, siti 20 na waliosimama 10, jumla 30, mabenchi, siti 18 na 15, jumla 33, mbili na moja, siti 15 na 18, jumla 33. Sasa wajaze kweli, wawili wakiwa na mabegi mgongoni na mmoja na mtoto kwa mbeleko. Waamuru kumi, uliowachagua kwa siri kabla, watoke mlangoni, halafu kumi wengine waingie. Pima sekunde. Rudia mara tano kwa kila mpango, ukibadilisha wanaotoka, kwa sababu mara ya kwanza watu hucheka na kuharibu kipimo.

Kisha rudia ukiwa umeweka bomba la kushika katikati ya mlango, hata mpini wa ufagio ulioshikwa na mtu. Kwenye mchoro bomba hilo halionekani kuwa na madhara, lakini mlango wa mita 1.3 unapitisha watu wawili sambamba, na ukiugawa kila upande hautimii sentimita 65. Andika sekunde zilizoongezeka, na uzidishe kwa vituo 20.